Alianguka kazini kwenye tanuru la matofali, tukamfunika blanketi: jibu kwa mama wa Katuba

Swali: "Daktari, jambo. Ninaishi Katuba, hapa Lubumbashi, na mume wangu, mama mkwe na watoto watatu. Mdogo ana miezi minne. Mume wangu anachoma matofali upande wa commune ya Annexe. Wiki iliyopita wenzake walimleta nyumbani mchana kwa taxi, mwili unaunguza, anaongea maneno yasiyoeleweka. Tulifikiri ni malaria. Tulimfunika blanketi mbili ili atoe jasho, tukampa paracetamol. Baada ya muda jirani aliingia, akatoa blanketi na kummwagia ndoo ya maji, ndipo akaanza kutujibu. Hakwenda hospitali. Sasa anataka kurudi kazini. Je, tulikosea? Tena mama mkwe anasema mtoto anakufa kiu, nimpe maji kidogo. Yeye mwenyewe anakunywa dawa za tansio (shinikizo la damu), miguu inamvimba, na usiku hapati usingizi kwa joto la mabati. Tufanye nini mpaka mvua inyeshe?"

Mama, jambo, na pole sana. Nisalimie mama mkwe, na nisalimie pia yule jirani aliyeingia na ndoo. Inawezekana kabisa kwamba ndiye aliyemwokoa baba watoto.

Umeuliza kama mlikosea. Blanketi lilikuwa kosa, ndiyo. Lakini karibu kila nyumba ya Lubumbashi ingefanya hivyohivyo, kwa sababu kwetu mwili wenye moto una jina moja tu, malaria, na tangu utotoni tumemwona mwenye malaria akitetemeka na kufunikwa. Ngoja nikueleze tofauti iko wapi. Ukishaielewa hutasahau la kufanya.

Mtu mwenye malaria, ubongo wake wenyewe ndio unaoamuru joto lipande. Ndiyo maana ana nyuzi 39 mwilini na bado anasikia baridi, anaomba nguo. Paracetamol inasaidia pale kwa sababu inaushika ubongo, nao unashusha amri yake. Kiharusi cha joto, ambacho huenda ndicho kilichompata mume wako, ni jambo jingine. Ubongo unataka mwili ubaki kwenye nyuzi 37 kama siku zote, lakini joto la jua, joto la tanuru, na lile linalotengenezwa na misuli yenyewe ikibeba matofali, yote pamoja yamezidi joto linaloweza kutoka. Mwili umeshindwa. Ukivuka nyuzi 40, ubongo, figo na ini vinaanza kuumia. Paracetamol haina amri ya kushusha hapo, na inalibebesha kazi ini ambalo tayari limeelemewa. Blanketi nalo linaziba njia pekee ambayo joto lilikuwa bado linatokea.

Miaka ya nyuma nilikuwa zamu katika kituo kidogo cha afya pembezoni mwa mji huu, mwezi wa kumi, jacaranda zimeshachanua. Waliniletea kijana aliyekuwa anapanga matofali kwenye tanuru. Alikuwa amezungushiwa blanketi la kijivu na kikwembe (kitenge) juu yake. Nilipoingiza mkono ndani ya lile blanketi, joto lilinipiga kama mtu aliyefunua sufuria ya bukari, ugali wetu. Shati lake lilikuwa kavu, na mgongoni lina mistari myeupe ya chumvi, mmoja juu ya mwingine, kama alama za maji yanayopungua kwenye ukuta. Kipimajoto kilionyesha 41 na kidogo. Tulimvua, tukamlaza sakafuni, muuguzi akashika bidoni ya maji na mimi nikashika kipande cha katoni kupepea. Mama yake alilia akitushika mikono, anasema tutamuua mwanawe, mtu ana homa tunammwagia maji! Tuliendelea. Dakika ishirini hivi zilipita, kijana akafumbua macho akauliza kiatu chake kimoja kiko wapi.

Baadaye tulimpima na malaria pia, na kipimo kilikuwa chanya. Hilo naliweka hapa kwa makusudi. Mji wetu una malaria, na mtu mzima anaweza kuwa na vijidudu damuni huku kilichomwangusha leo ni jua. Kwa hiyo usijisumbue kuamua nyumbani ni kipi kati ya viwili. Fikiria hivi: ukimpoza kwa maji mtu ambaye kumbe ana malaria, atasikia baridi na atalalamika, basi. Ukimfunika mtu ambaye kumbe ana kiharusi cha joto, unaweza kumzika. Makosa hayo mawili hayana uzito mmoja. Mtu akianguka, akiongea ovyo, akitembea kama mlevi au akipata degedege baada ya jua kali au kazi nzito, mpoze kwanza, na wakati unampoza mwingine atafute gari. Wapo watakaosema amekunywa lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, wapo watakaosema amerogwa. Wakubalie wote na uendelee kumwaga maji.

Namna ya kumpoza ni hii. Kivulini, nguo zote nzito zitoke, viatu na soksi pia. Maji mwili mzima, yoyote mliyo nayo, hata kama si ya kunywa, na mtu apepee bila kuacha, maana maji yakikauka kwenye ngozi ndiyo yanayoondoka na joto. Kama jirani anauza barafu, ifungeni kitambaani muiweke shingoni, makwapani na kwenye kinena. Kama hajitambui vizuri msimnyweshe kitu, hata maji, kwa sababu yanaweza kuingia kwenye mapafu, mlazeni ubavu. Ndani ya taxi vioo vishushwe na kitambaa chenye maji kibaki juu yake mpaka mlangoni mwa hospitali. Nusu saa ya kwanza ndiyo yenye thamani kubwa. Na usidanganyike na jasho: vitabu vya zamani vilisema mwenye kiharusi cha joto ngozi yake huwa kavu, lakini aliyeangukia kazini mara nyingi bado analowa. Angalia akili yake. Akili ikivurugika, ni dharura.

Sasa nije kwenye kinachonitia wasiwasi zaidi katika barua yako, nacho ni kwamba anataka kurudi. Asirudi bado. Kesho asubuhi aende kituo cha afya apimwe malaria, na kama maabara ipo, apimwe figo. Muulize mkojo wake una rangi gani. Ukiwa mweusi kama chai ya rangi au kama Coca-Cola, asisubiri asubuhi, kwa sababu misuli iliyoungua kwa joto humwaga uchafu wake damuni na figo ndizo zinazoziba. Mwulize pia kama anakunywa diclofenac au ibuprofen kwa maumivu ya mgongo. Wachoma matofali wengi wanazinunua reja reja, vidonge viwili vitatu, ili wamalize siku. Dawa hizo pamoja na mwili uliokauka maji ni mzigo mbaya sana kwa figo. Kwa sasa aziache kabisa.

Na hata vipimo vikiwa vizuri, mwili uliopigwa na joto mara moja huwa mwepesi kupigwa tena siku na wiki zinazofuata. Muda wa mapumziko apangiwe na atakayempima. Akiruhusiwa, arudi polepole. Kwenye kazi za joto, mgeni hupewa siku ya kwanza sehemu moja tu kati ya tano za kazi ya kawaida, kisha anaongezewa sehemu moja kila siku, na mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea vizuri. Najua tanuru halina likizo, na najua nyumba inakula kwa kile anacholeta. Ndiyo maana nashauri kitu wanachoweza kukubaliana kama kundi: udongo wa kichuguu ukandwe na matofali yapangwe alfajiri, jua la katikati ya mchana liwakute kivulini, warudi linapoanza kulala. Anayewasha na kulisha tanuru asiwe aliyebeba matofali asubuhi ileile. Na wawe wawili wawili, kila mmoja akimwangalia mwenzake, kwa sababu mtu anayeanza kuchanganyikiwa hajui kwamba amechanganyikiwa. Maumivu ya misuli yanayokaza, kichwa kugonga, kizunguzungu, kichefuchefu: hapo ndipo pa kukaa kivulini na kunywa, kabla akili haijaguswa.

Kuna jambo la mji wetu ambalo watu hawalioni. Lubumbashi iko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa tisa na wa kumi, kabla ya mvua, hewa yake ni kavu. Joto linapita nyuzi 30 lakini jasho halionekani, linakauka papo hapo. Mtu anajigusa, anajiona mkavu, anasema "leo sikutoa jasho". Ametoa, tena nyingi. Ile mistari ya chumvi kwenye shati ndiyo ushahidi. Kule pwani mtu analowa na anajua amelowa. Sisi tunakauka kimya kimya. Kwa hiyo asingoje kiu: akiwa kazini anywe kikombe kimoja kila baada ya dakika kumi na tano au ishirini, bila kuzidi lita moja na nusu kwa saa, maana maji mengi kupita kiasi kwa mkupuo nayo hudhuru. Mkojo ukiwa wa njano iliyopauka yuko vizuri; ukikolea kama mafuta ya mawese, amechelewa.

Chumvi anaipata kwenye chakula, bukari na ndakala (dagaa) vinatosha siku ya kawaida, asile tu mkate na sukari akaenda juani. Siku aliyotoa jasho sana, au misuli ikimkaza, mchanganyie lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Onja: isizidi chumvi ya machozi. Maji yachemshwe au yatiwe dawa, hata ya kisima cha bomba, kwa sababu kipindupindu hakijatuacha. Munkoyo, kile cha mahindi, ni kinywaji kizuri kama maji yake yalichemka na ni wa siku hiyohiyo. Ukikaa unakuwa pombe. Bia na lutuku baada ya kazi vinamkojoza maji yaleyale aliyoyatafuta mchana kutwa, kwa hiyo anywe maji kwanza ashibe, mengine yasubiri.

Nije kwa mtoto. Usimpe maji. Nasema hivyo bila kusitasita, na Shirika la Afya Duniani linasema hivyohivyo hata kwa nchi za joto kali: chini ya miezi sita ni maziwa ya mama peke yake. Mama mkwe hajakosea alichokiona. Mtoto kweli ana kiu, ila maji yake yako kwenye ziwa. Karibu sehemu tisa kati ya kumi za maziwa yako ni maji, na yale yanayotoka mwanzo wa kunyonya ni mepesi zaidi, kwa hiyo mnyonyeshe mara nyingi, hata kwa vipindi vifupi, mchana na usiku. Ukimpa kikombe cha maji, tumbo lake dogo linajaa kitu kisicho na chakula, ananyonya kidogo, maziwa yako yanapungua, na ukikosea usafi siku moja tu unamletea kuhara, ambako kutamkausha kuliko joto lenyewe. Anayehitaji kunywa zaidi ni wewe. Kila anaponyonya, kuwe na kikombe cha maji karibu na mkono wako. Ukitaka kumtuliza mama mkwe bila ubishi, mwombe akuhesabie nepi: zikilowa sita au zaidi kwa siku, mjukuu wake ana maji ya kutosha. Mpe kazi hiyo yeye. Bibi akihesabu mwenyewe anaamini.

Mvue boneti na soksi mchana. Mtoto hutoa joto jingi kichwani, nasi tunalizibia pale kwa pamba. Unapombeba mgongoni, migongo miwili inapashana moto, kwa hiyo tumia kitambaa chepesi cha pamba, si shali nzito, na umshushe mara kwa mara. Vipele vya joto shingoni vipate maji na hewa. Mafuta mazito yanaziba zaidi. Lakini akikataa ziwa, akiwa mlegevu, utosi ukibonyea, nepi ikikaa kavu kwa saa nyingi, au akipata homa yoyote, ni hospitali siku hiyohiyo. Homa ya mtoto wa miezi minne haitibiwi kwa kukisia, iwe joto la mabati au la.

Mama mkwe nimemweka mwisho ingawa huenda ndiye aliye kwenye hatari ya kimya zaidi. Mwaka 2003, mwezi wa nane, joto kubwa liliikumba Ulaya. Ufaransa peke yake ilipoteza watu karibu 15,000, wengi wao wazee, na wengi walikufa ndani ya nyumba. Pale Paris, walioishi ghorofa ya juu kabisa, chini ya paa, ndio waliokuwa hatarini zaidi. Paa la mabati bila dari ni mfano uleule. Mzee hasikii kiu kama kijana, ngozi yake haitoi jasho vizuri, na moyo wake unapata taabu kusukuma damu nyingi kwenda kwenye ngozi ili ipoe.

Dawa zake asiziache. Wengi wakiona joto wanaacha vidonge vya tansio wenyewe, halafu tunawapokea wamepooza upande mmoja. Lakini mpeleke apimwe tansio wiki hii, na umbebee vidonge vyote kwenye mfuko, kwa sababu kama kuna kile cha kumkojoza, muuguzi au daktari anaweza kupunguza kiasi mpaka mvua ije. Miguu kuvimba kwa joto hutokea hata kwa mzima, nayo hupungua akiinyanyua juu ya kigoda. Ikivimba huku anakosa pumzi akilala chali, ni moyo, asisubiri. Kama hajawahi kukatazwa kunywa maji mengi kwa ajili ya moyo au figo, mpe kikombe kidogo kila unapopita karibu naye, bila kumuuliza kama ana kiu, maana atakuambia hapana. Yale maji ya sukari na chumvi usimpe bila ruhusa. Akiamka aketi kwanza kitandani, kisha asimame; kizunguzungu cha kusimama ghafla ndicho kinachovunja nyonga za wazee.

Kuhusu nyumba yenu, tuna bahati moja ambayo miji mingi ya joto haina: usiku wetu unapoa. Hata mwezi wa kumi, kwa urefu huu na hewa hii kavu, alfajiri joto hushuka chini ya nyuzi 20. Tatizo ni kwamba mabati na kuta za tofali hunywa moto mchana na kuutapika ndani wakati wa kulala, huku tumefunga madirisha kwa kuogopa wezi na mbu. Mkiweza weka nondo madirishani na wavu wa mbu, muache hewa ipite kutoka dirisha moja hadi lingine usiku kucha. Asubuhi, jua likianza kuchoma, fungeni upande wa jua na kuweka pazia. Hiyo ni kinyume cha wanavyofanya wengi. Dari hata la magunia yaliyoshonwa pamoja, likiacha nafasi ya hewa chini ya bati, hupunguza mengi, na chokaa nyeupe juu ya mabati hurudisha sehemu kubwa ya jua lilikotoka. Ni kazi ya siku moja na kopo la gharama ndogo. Mbabula, yaani jiko la makaa, ikae nje, si kwa joto lake tu: moshi usioonekana wa makaa huua walio ndani ya chumba kilichofungwa.

Na kwa sababu hewa ni kavu, kitambaa chenye maji ni dawa yetu kubwa kuliko wanavyojua wenye feni. Feni yenyewe inategemea umeme uwepo, na joto la chumba likipita nyuzi 40 inapuliza moto tu. Kikwembe kilicholowekwa na kukamuliwa, kikatandazwa mabegani na miguuni mwa mama mkwe, hakihitaji umeme. Mvua zikianza hewa itajaa unyevu na mbinu hiyo itapungua nguvu, lakini hapo jua nalo litakuwa limepungua.

Kwa usiku wa leo, hamisheni kitanda chake kutoka chumba cha katikati kwenda kile chenye upepo, na chandarua chake kihame naye. Mloweshee kikwembe kabla ya kulala, na uweke mtungi wa udongo wenye maji yaliyochemka pale mkono wake unapofika bila kusimama. Kesho alfajiri umpeleke baba watoto kituo cha afya, kabla wenzake hawajapita kumwita.